Shughuli za wanafunzi wa vyuo: nani anawajibika jambo baya likitokea?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vikundi vya wanafunzi wa Kiprotestanti katika vyuo vyetu, kutoka Goma, Bukavu na Bunia hadi Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa, hupanga programu zao: mafungo ya kiroho, mikesha, mashindano ya mpira, safari za uinjilisti, ziara za kwaya. Bajeti inaandikwa, mhubiri anatafutwa, magunia ya chakula yanahesabiwa. Swali moja mara nyingi halifiki mezani: mwanafunzi akiumia au akifa, nani atajibu mbele ya familia yake na mbele ya sheria?

Makala hii ni kwa wachungaji wa kampasi, wakuu wa vyuo, viongozi wa vijana na komite za wanafunzi. Inaeleza misingi ya sheria ya Kongo na namna ya kujipanga kabla ya hatari. Haichukui nafasi ya wakili. Kila jumuiya iwe na mwanasheria wake wa kumwuliza.

Maana ya maneno

Dhima ya madai ni wajibu wa kulipa fidia kwa aliyedhuriwa. Dhima ya jinai ni wajibu wa kujibu mbele ya Serikali kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini au gereza. Tukio moja linaweza kuzaa zote mbili. Kusimamia hatari ni kazi ya kutafuta mapema kinachoweza kwenda vibaya, kuamua la kufanya, na kuandika nani atalifanya.

Biblia ilishasema

Wengine huona jambo hili kama ukosefu wa imani. Lakini Torati yenyewe inalizungumzia waziwazi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Kutoka 21 inatofautisha wenye ng'ombe wawili. Ng'ombe akimuua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga pembe, mwenyewe akaonywa na hakumfunga, basi ana hatia. Mbele kidogo, sura hiyohiyo inamtoza mtu aliyechimba shimo bila kulifunika.

Mafundisho ni mawili. La kwanza, kutofanya kitu kunaweza kuwa kosa. La pili, aliyeonywa hatia yake ni kubwa zaidi. Mahakama za leo zinafuata njia hiyohiyo.

Sheria ya Kongo inasema nini

Msingi wa dhima ya madai ni kitabu cha tatu cha sheria ya madai, kinachotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Vifungu vitatu vinatosha kuanza.

Kifungu cha 258: anayemletea mwingine madhara kwa kosa lake analazimika kuyafidia. Anayedai aonyeshe mambo matatu: kosa, madhara, na uhusiano kati ya hivyo viwili.

Kifungu cha 259: mtu hawajibiki kwa tendo lake tu, bali pia kwa uzembe wake na kwa kutokuwa mwangalifu. Hapa ndipo viongozi wengi wanakamatwa. Hakuna aliyekusudia mabaya, lakini hakuna aliyeangalia breki za basi.

Kifungu cha 260: mtu anawajibika pia kwa wale walio chini yake na kwa vitu anavyovitunza. Wazazi wanajibu kwa watoto wadogo wanaokaa nao. Mwajiri au mwenye kutuma anajibu kwa aliyemtuma, katika kazi aliyomtuma. Walimu wanajibu kwa madhara yanayosababishwa na wanafunzi wakati wakiwa chini ya uangalizi wao. Vitu vinavyotunzwa ni kama gari, jenereta, au ukuta wa ukumbi.

Upande wa jinai, vifungu vya 52 hadi 54 vya sheria ya adhabu vinahusu kuua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari. Kwa kifo, adhabu ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Sheria hiyo pia inamwadhibu anayeacha kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha.

Tusisahau umri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuwa na miaka 17. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini mbele ya sheria bado ni mtoto, na ruhusa ya mzazi wake inahitajika. Kwa mwanafunzi mtu mzima chuo hakina uangalizi wa karibu kama wa shule ya msingi. Hata hivyo, vifungu vya 258 na 259 bado vinamlinda.

Nani hasa atajibu?

Chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, makanisa na mashirika yasiyo ya faida hupata utu wa kisheria kwa kibali cha Waziri wa Sheria. Kundi la wanafunzi wa kampasi kwa kawaida halina kibali chake. Lina jina, muhuri na sare za kwaya, lakini mbele ya sheria si mtu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Komite inakodi kamio ya mizigo kuwapeleka vijana 60 kwenye mkutano wa injili. Mchungaji wa kampasi amesaini barua ya mwaliko. Kamio inapinduka kwenye mteremko na wanafunzi wawili wanakufa. Dereva atatafutwa, na mwenye gari pia. Lakini familia inaweza kuuliza zaidi: nani alichagua gari la mizigo kubeba watu? Je, mchungaji alitumwa na jumuiya? Kama ndiyo, jumuiya inaweza kuombwa fidia kama mwenye kutuma, na mali yake, pamoja na shule na vituo vya afya, ikaingia hatarini. Je, chuo kilitoa ruhusa? Na rais wa komite, kijana wa miaka 23, anaweza kuitwa parke yeye mwenyewe, kwa sababu kifungo humfuata mtu, hakikifuati kikundi.

Kwa hiyo tusiwaachie wanafunzi mzigo wote kwa maneno matamu kwamba ni programu yao. Tukiwapa jina la kanisa, tuwape pia uangalizi wa kanisa.

Mambo matatu yasiyofuta dhima

La kwanza ni karatasi ya ruhusa. Ni ya lazima, lakini ina mipaka. Mzazi aliyesaini mwanawe aende kwenye mafungo hakusaini avushwe ziwa bila jaketi la kuokoa maisha. Wala saini yake haimzuii mwendesha mashtaka.

La pili ni mapatano ya kifamilia. Kwenda kuomba msamaha, kubeba msiba pamoja, kuchangia mazishi, yote ni mambo mema na ya Kikristo. Yanaweza hata kumaliza madai ya fidia yakiandikwa vizuri. Lakini hayalazimu parke kufunga faili la jinai.

La tatu ni kusema kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mchungaji anayesema neno hilo kando ya jeneza kabla ya kuuliza kwa nini majaketi yalikuwa yamefungiwa stoo anamsingizia Mungu kazi ya uzembe wetu. Mama aliyepoteza mtoto ana haki ya kujua ukweli. Faraja haijengwi juu ya kuficha.

Hatua za kusimamia hatari

Komite ikae wiki tatu au nne kabla ya shughuli, na kwa kila hatari ichague jibu moja kati ya manne.

Kuepuka: kuacha jambo lenyewe, kwa mfano kutosafiri usiku.
Kupunguza: kulifanya kwa tahadhari, kama kupunguza idadi ya watu ndani ya boti.
Kuhamisha: kuchukua bima. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza hali ya SONAS kuwa peke yake sokoni, na leo kampuni kadhaa zinafanya kazi chini ya usimamizi wa ARCA. Bima ya gari kwa madhara ya watu wengine ni lazima. Omba kuona cheti, soma tarehe ya mwisho, piga picha. Uliza pia kuhusu bima ya ajali kwa kikundi.
Kukubali: hatari ndogo, kama kuchubuka magoti uwanjani, inakubaliwa, mradi sanduku la dawa lipo.

Kisha yaandikwe: orodha ya washiriki na umri wao, simu ya ndugu wa kila mmoja, magonjwa yanayojulikana kama pumu na kifafa, kituo cha afya kilicho karibu, na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "tunaahirisha". Nakala moja ibaki kwa mchungaji au ofisi ya chuo.

Hatari za kwetu

Barabara. Basi lenye viti, si kamio. Hakuna kusafiri usiku. Uliza hali ya usalama ya njia siku ileile, si juzi.

Ziwa na mto. Baada ya ajali ya Ziwa Kivu ya Aprili 2019, Rais Félix Tshisekedi aliagiza abiria wavae majaketi ya kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti nyingine ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Kanuni iwe rahisi: asiye na jaketi mwilini hapandi, na boti ikishajaa tunasubiri nyingine. Hata ubatizo uwe na waogeleaji wawili wanaotazama maji tu.

Mazuku. Wakaaji wa Goma na kandokando ya ziwa wanalijua jina hili. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini; kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri. Haina dalili ya kumwamsha aliyelala. Kambi isipigwe mahali pa chini bila kuwauliza wenyeji.

Mbabula na jenereta. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa, au jenereta iliyowekwa kwenye korido, hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu. Katika baridi ya milima yetu vijana hupenda kulala na mbabula ndani. Ikatazwe kabisa. Na wakati wa mkesha, milango ya ukumbi isifungwe kwa kufuli.

Radi. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi. Ngurumo ikisikika, mpira unasimama na wote wanaingia ndani ya jengo, si chini ya mti. Mchezo unarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Bizutage. Kuwadhalilisha wanafunzi wapya, kuwapiga au kuwalazimisha kunywa, si utani wala si mila ya chuo. Ni kosa, na mkubwa aliyejua akanyamaza yuko kama mwenye ng'ombe aliyeonywa.

Usiku na heshima ya mwili. Wasichana na wavulana walale majengo tofauti, na walezi wawe wa jinsia zote mbili. Mashauri ya kichungaji yafanyike mahali panapoonekana. Shtaka la unyanyasaji wa kijinsia halimalizwi ndani ya baraza la wazee. Sheria namba 06/018 ya mwaka 2006 imeweka adhabu kali, na mwathirika apelekwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita.

Siku ya ajali

Kwanza okoa maisha, mengine baadaye. Mpeleke majeruhi hospitali hata kama pesa ya amana haijapatikana. Ndugu zake waambiwe na mtu mzima, kwa sauti, kabla habari haijaenea WhatsApp. Katazeni picha za maiti na majeruhi. Wajulisheni polisi, chuo na viongozi wa jumuiya. Kampuni ya bima ijulishwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Andikeni siku hiyohiyo kilichotokea, saa, mahali na majina ya walioona. Msibadili karatasi wala kuwafundisha vijana la kusema. Na mchungaji abaki na familia, hata kama familia hiyo imefungua kesi. Kesi haiwatoi katika kundi alilopewa kulichunga.

Kuanzia wapi

Wengi watasema hakuna pesa. Ni kweli kwa bima na kwa basi zuri. Lakini kuahirisha safari ya usiku hakuna gharama. Kuzima mbabula, kufungua kufuli ya mlango, kuandika namba za simu za ndugu, kuwauliza wenyeji kuhusu mazuku, hayo yote hayalipiwi. Komite ikianza na hayo matano kwa shughuli inayofuata, itakuwa imeweka ukingo juu ya dari. Wazazi wanatukabidhi watoto wao kwa sababu wanaliamini jina tunalolitaja. Tuwarudishe nyumbani wakiwa wazima.