Miti na maua ya nyumbani Kagongwa: Chagua kwa kuangalia mwezi wa nane

Ukienda kununua miche mwezi wa 12 kila kitu kwenye kitalu ni kijani na kila ua linavutia. Tatizo linakuja baadaye. Huku Kahama na Shinyanga tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba hivi na kukata Aprili au Mei. Baada ya hapo ni karibu miezi sita ya jua na vumbi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza miche sio "unatoa maua rangi gani?" Muulize mti huo unakuwaje Agosti usipomwagiliwa.

Piga hesabu ya maji kabla ya hesabu ya hela. Ukipanda miche 15, na kila mmoja ukaupa lita 10 mara mbili kwa wiki, hizo ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20 kila wiki. Bomba la Ziwa Victoria limepunguza shida ya maji kwa wengi, lakini bado kuna anayenunua kwa dumu. Kama ni wewe, anza na miche minne au mitano uitunze vizuri.

Angalia kwanza kilichopo kwenye kiwanja

Watu wengi wakinunua kiwanja wanafyeka kila kitu, halafu wanaenda kununua mche wa kivuli. Hapo unapoteza miaka. Mkwaju au mgunga uliokukuta hapo tayari una mizizi mirefu na haukuombi maji.

Mkoa huu unalijua somo hilo. Shinyanga iliwahi kukatwa miti mpaka ikaanza kuitwa jangwa. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulisaidia kurudisha uoto, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kwenye ngitili, yale maeneo ambayo Wasukuma huyafunga mifugo isiingie. Visiki vilivyoachwa vikachipua vyenyewe. Hata nyuma ya nyumba yako kisiki kinaweza kuchipua, mradi mbuzi wasikifikie.

Miti ya kivuli

Mwarobaini ndio chaguo la kwanza, ingawa wengine wanauona wa kawaida mno. Ukishashika unavumilia ukame, na unakupa kivuli wakati miti mingi imepukutisha majani.

Mkrismasi ni mzuri kuliko yote ukichanua mwekundu mwisho wa mwaka. Lakini kiangazi unapukutika, matawi yake hukatika kwa upepo, na mizizi yake inatambaa juu juu na inaweza kuinua sakafu ya uani. Upande mbali, angalau mita 8 kutoka ukutani, na usiuweke karibu na shimo la choo wala tangi la maji.

Miashoki, ile mirefu myembamba inayopangwa getini, inapendeza na haichukui nafasi. Ila usiitegemee kwa kivuli, na miaka ya mwanzo inataka maji. Mkalitusi usiuweke nyumbani kabisa, unakunywa sana na unakua mkubwa mno.

Vichaka na uzio

Kwa jua la huku, bogenvilia haina mpinzani. Ukiimwagilia sana inatoa majani matupu, ukiibana maji kidogo ndo inachanua. (Zile rangi tunazoziita maua ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kale kadogo ka katikati.) Miiba yake inazuia hata mbuzi, lakini isiwe kwenye njia ya watoto.

Waridi la jangwa nalo linafaa sana. Shina lake nene linahifadhi maji, hivyo hata kwenye kopo linavumilia. Ila utomvu wake ni sumu, na zamani wawindaji waliupaka kwenye mishale. Ukikata tawi, nawa mikono.

Hapo kwenye sumu tusipapite haraka, maana mimea mingi inayopendwa kwa uzio ina hatari ambayo muuzaji hasemi.

Minyaa inakua bila maji wala mbolea, ndo maana imejaa kwenye maboma. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kuharibu uoni. Ikitokea, suuza kwa maji mengi safi papo hapo, kisha nenda kituo cha afya. Anayeipunguza avae miwani au asogeze uso mbali.

Mbono kaburi una mbegu ambazo watoto huzila kwa sababu zina ladha kama karanga, kisha wanatapika na kuharisha. Olianda, yenye maua ya waridi au meupe, ina sumu ya moyo kwenye kila sehemu, hata fimbo yake isitumike kuchomea nyama. Ile ya maua ya njano yenye umbo la kengele nayo ni hivyo hivyo, mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Kama una watoto wadogo au mbuzi wanaozurura uani, iache yote miwili.

Maua ya chini

Zinia na marigoldi pandikiza mbegu mvua zikianza, yatachanua na kufa, mwakani unapanda tena. Vinka anavumilia zaidi. Waridi la kawaida linataka uangalizi, kwa hiyo weka mawili tu karibu na jikoni uyape maji ya kuoshea mchele.

Kupanda

Subiri ardhi ilowe kabisa, sio mvua ya kwanza tu. Januari na Februari mvua huwa inasimama, hapo mwagilia. Kama kiwanja chako ni udongo mweusi wa mbuga, panda juu ya tuta, la sivyo mizizi itaoza kwa maji yaliyotuama. Kama ni mchanga, fanya kinyume: acha kisahani kuzunguka mche ili maji yasikimbie.

Kagongwa tuna bahati moja, mashine za mpunga. Maganda ya mpunga yanayorundikwa pale ni matandazo mazuri. Tandaza unene wa vidole vinne kuzunguka mche, udongo hautakauka haraka. Acha nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina, na kagua kila wiki, kwa sababu mchwa huanza na mche uliodhoofika kwa kiu.

Na zungushia miiba siku ile ile unayopanda. Mbuzi wa jirani hawasubiri kesho.