Koili ipi inafaa gari la zamani lenye mfumo wa elektroniki?

Wenye magari ya zamani, kama Land Rover Series III au pikapu ya Peugeot 504, wengi huondoa platini na kufunga kifaa cha elektroniki ndani ya distribyuta. Platini ni vile vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana ili koili itoe cheche kwenye plagi. Kifaa cha elektroniki hufanya kazi hiyohiyo bila kulika. Lakini kikipewa koili isiyolingana nacho, kinaweza kuungua na gari likazima njiani, mbali na fundi.

Kinachoamua ni omu

Omu ni kipimo cha ukinzani wa koili. Omu zikiwa chache, umeme mwingi hupita. Injini ikiwa inanguruma, mfumo huwa na volti 14 hivi. Gawanya volti kwa omu, utapata ampea:

- Koili ya omu 3: karibu ampea 4.7
- Koili ya omu 1.5: zaidi ya ampea 9
- Koili ya omu 0.7: ampea 20

Vifaa vingi rahisi vya injini ya silinda 4 hutaka koili ya omu 3. Koili ya omu 1.5 kwa kawaida hufungwa pamoja na rezista ya nje inayopunguza umeme. Zile za chini ya omu 1 ni za mifumo inayojipunguzia umeme yenyewe.

Namna ya kupima

1. Zima swichi, acha koili ipoe, chomoa nyaya zake.
2. Weka multimita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili na ukumbuke namba inayotokea.
3. Gusa alama ya + na ya − kwenye koili, kisha toa namba ile ya kwanza.

Angalia pia kama gari lina rezista. Mengine yana waya wa ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Ukifunga koili ya omu 3 bila kuuondoa waya huo kwenye njia ya umeme, cheche itakuwa dhaifu.

Kabla hujaondoka

Soma karatasi ya kifaa kabla ya kununua koili. Usibadilishane + na −. Usiache swichi wazi injini ikiwa imezimwa, maana koili huchemka.

Tunashauri pia usitupe platini na kondensa za zamani. Ukiwa na koili ya omu 3, unaweza kuzirudisha kifaa kikiungua, ukafika nyumbani.