Tarikhi ya Amana Iliyo Ndani ya Kivinjari

Zamani kabla ya kivinjari kukabidhiwa maneno ya siri ya watu, na kabla ya intaneti yenyewe kuwapo, neno la siri la kompyuta lilizaliwa kwa sababu moja tu, nayo ni ushirika. Katika chuo cha MIT, nchini Marekani, Fernando Corbató na wenziwe walidhihirisha mwaka 1961 mtambo ulioweza kuwahudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa mafaili ya wote yalikaa katika mashine ile ile, ilibidi kila mmoja awe na neno lake la faragha, ili asiingilie mali ya mwenziwe wala kutumia saa alizokadiriwa mwingine. Lilikuwa neno moja kwa mashine moja, na hapakuwa na taabu kulihifadhi kifuani.

Taabu ilikuwa kwa mashine, ambayo iliyaweka maneno ya wote wazi wazi katika faili moja. Mwaka 1962 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Allan Scherr, alipoona saa alizopewa hazimtoshi, aliomba faili lile lichapishwe, nalo likachapishwa. Mwaka 1966 likatokea kubwa zaidi: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, huyu ujumbe wa kuwakaribisha watumiaji, yule orodha ya maneno ya siri, na kwa kasoro ya programu mafaili hayo mawili yakabadilishana mahali, hata kila aliyeingia akalakiwa na siri za wenziwe wote.

Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell, waliandika mwaka 1979 jinsi mfumo wa Unix ulivyoacha kuhifadhi neno lenyewe, ukahifadhi badala yake zao la hesabu isiyorudi nyuma, ambalo mwizi hata akilipata hawezi kulisoma neno ndani yake. Ila walipochunguza maneno 3,289 waliyokuwa wameyakusanya, waliona kwamba asilimia 86 yalikuwa mafupi mno, au yamo katika kamusi na orodha za majina. Mlinzi alikwisha erevuka. Mwenye mali alibaki vile vile.

Naye alizidi kuelemewa tovuti zilipoenea katika miaka ya 1990, kila moja ikidai akaunti yake na neno lake, ilhali kumbukumbu ya mwanadamu haikuongezwa. Basi watu wakatumia neno moja kila mahali, na aghalabu neno dhaifu. Mwaka 2009, ilipoibiwa hazina ya kampuni ya RockYou, iliyokuwa na maneno zaidi ya milioni 32 yasiyofumbwa hata kidogo, lililoongoza kwa wingi lilikuwa 123456. Msaada ulikuwa umekwisha anza kutolewa: Internet Explorer ya tano, mwaka 1999, ilimwuliza mtu kama angependa ikumbuke kwa niaba yake, na Firefox ilipotoka mwaka 2004 ilifanya vivyo hivyo.

Hapa sharti tusimame kidogo. Tovuti inahitaji kulihakiki neno tu, kwa hiyo yatosha kuweka lile zao lisilorudi nyuma. Lakini kivinjari hakina budi kulitoa neno lenyewe, herufi kwa herufi, kila linapohitajiwa, na kwa hiyo hekima ya Morris na Thompson haikifai kitu. Kinaweza kulifumba, naam, lakini maadamu chenyewe kina uwezo wa kulifumbua, suala zima ni mahali ulipo ufunguo. Firefox ilimpa mtu hiari ya kuweka neno kuu la kuifungua hazina. Asipoliweka, ufunguo hukaa katika folda ile ile yalimo maneno yaliyofumbwa. Chrome, iliyotoka mwaka 2008, iliutegemea ulinzi wa kompyuta yenyewe, na mwaka 2013 ikalaumiwa vikali kwa kuwa yeyote aliyekaa mbele ya mashine iliyo wazi aliweza kuyasoma maneno yote katika ukurasa wa mipangilio.

Lawama ile naiona ya haki, hasa nikikumbuka sisi tuliojifunza intaneti katika maduka ya Dar es Salaam na Mombasa, ambako mashine moja ilikaliwa na watu wengi kwa siku, na aliyekubali kivinjari kimkumbukie alikuwa amemwekea amana yake mteja atakayefuata.

Pamoja na hayo, sikubaliani na zile tovuti, za mabenki hasa, zilizoviamuru vivinjari visihifadhi neno la siri abadan. Kumnyima mtu hazina ni kumrudisha kwenye 123456. Vivinjari viliacha kutii amri hiyo, Internet Explorer mwaka 2013 na Chrome mwaka 2014. Na mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake mpya, ilizinasihi tovuti zimruhusu mtu kubandika neno lililotoka hazinani, tena zisimlazimishe kulibadili kila baada ya muda bila sababu. Lakini neno kuu la Firefox lingali la hiari, nami sioni kwa nini asiulizwe kila mtu, mara ile ya kwanza anapoweka amana, ufunguo wake akae nao nani.