Kusema na Kuumba katika Masimulizi ya Waebrania wa Kale

Wataalamu wengi wa Agano la Kale waliamini kwamba, kwa Waebrania wa kale, neno lilikuwa nguvu yenyewe: likishatamkwa, hutenda. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa msamiati. Nomino *dabar* ina maana ya "neno" na vilevile "jambo". Basi, walisema, kwa Mwebrania kutamka ni kuleta kitu. Thorleif Boman aliieneza hoja hiyo katika miaka ya 1950, na mwaka 1961 James Barr akaipinga vikali. Msemaji wa Kiswahili hapati taabu kumwelewa Barr. Mswahili akiambiwa "si neno" hufahamu kuwa hapana jambo, wala hakuna aliyepata kudai kwamba kwa sababu hiyo Waswahili huumba vitu kwa ndimi zao.

Yafaa basi kuyaacha makamusi na kuitazama matini. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo Mungu hunena mara 10, na Mishna nayo yataja matamko 10. Nuru huja kwa kauli peke yake. Amri na matokeo hutumia umbo lilelile la kitenzi "kuwa", tofauti ikiwa kiambishi tu. Lakini kwa anga, mianga na wanyama wa nchi kavu, kauli hufuatwa na kitenzi *asah*, "kufanya", kana kwamba kusema hakukutosha. Katika sura ya pili Mungu ni mfinyanzi: *yatsar*, kufinyanga, ndicho kitenzi cha kazi yake.

Nguvu ya kauli, kwa hiyo, imo katika mamlaka ya anenaye. Hivyo ndivyo alivyoeleza Anthony Thiselton mwaka 1974, akitumia nadharia ya J. L. Austin, na masimulizi ya Babeli yaelekea kumuunga mkono: Marduk hutakiwa aangamize kitu na kukirudisha kwa amri yake, na miungu waonapo hayo humkiri kuwa mfalme. Kauli hapo ni hati ya ufalme.

Hata utoaji wa majina wathibitisha hayo. Katika sura ya kwanza Mungu huvipa majina vitu 5 tu: mchana, usiku, mbingu, nchi na bahari. Wanyama hungoja hadi sura ya pili, ambamo mwanadamu ndiye awapaye majina. Nao huletwa kwake wakiwa wamekwisha kufinyangwa.