Balehe na afya ya akili

Balehe na afya ya akili vinahusiana kupitia homoni zinazobadilisha mwili wa kijana na zile za msongo wa mawazo. Kwa kawaida balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana.

Homoni

Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huamsha tezi ya pituitari, nayo huchochea ovari kutoa estrojeni na korodani kutoa testosteroni. Mtu akipatwa na msongo, hipothalamasi na pituitari hizohizo huchochea tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kutoa kortisoli. Homoni hiyo husaidia kukabili hatari, lakini ikizidi kwa muda mrefu huweza kuvuruga usingizi, kumbukumbu na hisia.

Athari

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kutuliza hisia, huendelea kukomaa hadi takriban miaka 25. Baada ya balehe, sonona huwapata wasichana karibu mara 2 kuliko wavulana. Wanaobalehe mapema kuliko wenzao wamo hatarini zaidi.

Hata hivyo, homoni peke yake si ugonjwa: ukatili, umaskini, kufiwa na kuonewa shuleni huongeza hatari, na malezi yenye upendo huipunguza. Hasira za muda mfupi ni za kawaida. Huzuni inayodumu wiki 2 au zaidi, kujitenga au mawazo ya kujiua yasichukuliwe kuwa mambo ya ujana tu, bali yanahitaji msaada wa mtaalamu wa afya.