Septemba 5, siku ya wasichana wa Ituri

Anayetoka Bunia kwenda Epulu hupita Komanda, akashika barabara ya taifa namba 4 kuelekea Mambasa, na mbele ya hapo msitu humfunika kabisa. Mvua ikikaza, lori linaweza kulala matopeni siku mbili au tatu. Lakini ipo sauti iliyotoka katika msitu huo huo ambayo sasa hivi inakwenda kilomita 17 kila sekunde, wala haijasimama tangu tarehe 5 Septemba 1977.

Siku hiyo, huko Cape Canaveral, Florida, Marekani ilirusha chombo cha anga kiitwacho Voyager 1. Pacha wake, Voyager 2, alikuwa ametangulia tarehe 20 Agosti. Kila kimoja kimebeba ubavuni santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, barua ya sauti kwa yeyote atakayeiokota huko mbali. Kamati ya mwanasayansi Carl Sagan ilichagua vipande 27 vya muziki, kama dakika 90, viwakilishe binadamu wote. Afrika nzima ilipata viwili: ngoma zilizoandikwa kuwa za Senegal, na wimbo wa sekunde 56 ulioandikwa kuwa wa Zaire. Huo wa Zaire ni wa hapa kwetu. Ni wimbo wa wasichana wa Bambuti, watu wa msitu huo, uliorekodiwa katika msitu wa Ituri miaka ya 1950 na Mwingereza Colin Turnbull, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji.

Turnbull alifika Epulu mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi tena na tena, na mwaka 1961 akatoa kitabu *The Forest People* kilichowafanya Bambuti wajulikane duniani. Wimbo wenyewe ni wa elima. Msichana wa Bambuti anapoona damu yake ya kwanza, kambi haifichi wala hainong'oni, inafurahi. Anaingia katika nyumba ya elima pamoja na rafiki zake, na mama mtu mzima anawafundisha nyimbo za wanawake. Turnbull anasimulia jinsi wasichana walivyotoka na fimbo kuwakimbiza vijana waliowapenda, na vijana nao wakitafuta njia ya kupenya nyumba iliyolindwa na akina mama. Kwa hiyo kilichopelekwa angani ni furaha ya mabinti waliokuwa wakivuka kuwa wanawake.

Na uimbaji wao! Sisi tuliolelewa na kwaya za parokia tumezoea mmoja aanzishe, wengine waitikie. Kwa Bambuti kila sauti ina kipande chake kifupi. Huyu anaachia, yule anadaka, wa tatu anaruka juu ghafla na kushuka, na vipande vinashonana hadi huwezi kusema nani ndiye anayeimba wimbo. Wimbo hauko kwa mtu mmoja, uko katikati yao. Wataalamu wa muziki wameandika mengi kuhusu ufundi huo. Mabinti hawa waliupata kwa kukaa karibu na mama zao.

Tarehe hiyo ya 5 Septemba ina watoto wake wengine. Mwaka 1735 alizaliwa mwanamuziki Johann Christian Bach. Baba yake, Johann Sebastian, ana vipande vitatu ndani ya santuri ile. Mwaka 1912 alizaliwa huko Los Angeles John Cage, ambaye mwaka 1952 aliandika kipande ambamo mpigaji hapigi chochote, ili watu wasikie sauti zilizowazunguka. Nadhani Bambuti wangemwelewa haraka kuliko watu wengi wa mjini, maana wao husikiliza msitu kama mtu anavyomsikiliza mzazi wake.

Na mwaka 1946, Mji Mkongwe, Zanzibar, alizaliwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi. Akasomeshwa India, familia ikaondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na dunia ikamjua kama Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Voyager 1 iliporuka alikuwa anatimiza miaka 31. Wazanzibari wanajua siku yake, na wageni hupiga picha mbele ya nyumba inayosemwa kuwa ya familia yake. Hapa Bunia, sijawahi kusikia tarehe 5 Septemba ikitajwa kwa ajili ya wasichana wetu.

Jambo moja linaniuma. Santuri ina salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kisumeri, lugha ambayo hakuna mama anayembembelezea mtoto tena. Kiswahili hakimo. Hilo naweza kulivumilia. Lakini ukisoma orodha ya nyimbo unakuta Mozart, Beethoven, Louis Armstrong, Chuck Berry. Ukifika Ituri, unakuta jina la Turnbull, aliyeshika mashine. Walioimba wameitwa wasichana tu, kwa neno la kizungu la kuwaita watu wafupi wa misituni. Watu wengine wamepelekwa angani kwa majina yao, sisi tumepelekwa kwa kimo.

Mwezi wa sita 2012, tarehe 24, watu wenye silaha walivamia Epulu, kule kule Turnbull alikofikia. Waliua watu, wakiwemo walinzi wa Hifadhi ya Okapi, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, Voyager 1 ilitoka nje ya upepo wa jua na kuingia kati ya nyota, kitu cha kwanza cha mkono wa binadamu kufika huko. Miezi miwili ilitenganisha mambo hayo. Leo chombo kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa.

Binti aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1951, Turnbull alipofika, leo amepita 80. Huenda yupo bado, kambini au kando ya barabara, akiuza asali kwa wasafiri. Radio Candip ya hapa Bunia ingeweza kuucheza wimbo huo kila Septemba 5, na kutuma mtu Mambasa na Epulu, akaucheze mbele ya bibi wa rika hilo na kuwauliza kwa Kibila: wakati ule mlikuwa nani na nani ndani ya nyumba?