Vita vya Ubena juu ya meza

Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chembamba kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana vita sakafuni kwa sanamu ndogo za askari. Nyumba na milima ilikuwa matofali ya mbao, misitu ilikuwa vijiti vilivyosimikwa. Askari wa miguu alisogea futi moja kwa zamu, wa farasi futi mbili. Mizinga ilipiga kwelikweli: kampuni ya Britains ya London ilikuwa ikiuza mfano wa mzinga wa manowari wa inchi 4.7, wenye springi inayorusha kipande cha mti, na mchezaji mwenye shabaha aliweza kumwangusha adui aliye upande wa pili wa chumba.

Miaka mitatu baadaye mzinga unaokaribia ukubwa huo, wa sentimita 10.5, ulifika Ilembule, magharibi ya Makambako. Huu haukuwa wa springi.

Ukisimama Uwemba leo, kwenye baridi na mashamba ya viazi, misheni ya Wabenediktini upande mmoja na njia ya kwenda kwenye chai ya Luponde upande mwingine, ni vigumu kuamini kwamba nchi hii ya Ubena ilikuwa uwanja wa vita vya Wazungu. Mei 1916 Jenerali Mwingereza Edward Northey alivuka mpaka wa kusini wa koloni la Wajerumani na jeshi lake, wakiwamo KEYA, yaani askari wa King's African Rifles, kutoka Nyasaland. Aliichukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu, kisha akapanda hadi Njombe. Tarehe 24 Julai alipigana Malangali na kuwashinda Wajerumani, na kufikia mwisho wa Agosti Iringa ilikuwa mikononi mwake. Hapo akajikuta ametanda mno. Jenerali Kurt Wahle, mzee mstaafu aliyekuja koloni mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, alikuwa akirudi nyuma kutoka Tabora, na njia yake ya kuungana na wenzake ilipita katikati ya vituo vya Northey. Oktoba na Novemba zikawa miezi ya kuzingirana, kukwepana na kushambuliana usiku, kuanzia Iringa hadi Lupembe. Wahle mwenyewe alipenya. Kundi lake moja halikupenya: tarehe 26 Novemba lilizingirwa Ilembule likajisalimisha, Wazungu 54 na askari wapatao 250, pamoja na mzinga ule.

Wajerumani walikuwa mabingwa wa kuchezea vita kabla ya kuvipigana. Tangu mwaka 1824 jeshi la Prussia liliwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa ramani, vipande vya kusogeza, dadu na mwamuzi. Watoto wao walikuwa na askari bapa wa bati kutoka Nuremberg, ambako fundi Ernst Heinrichsen alifungua karakana mwaka 1839. Uingereza nayo iliingia sokoni kwa kishindo mwaka 1893, William Britain alipobuni namna ya kusubu sanamu zenye uwazi ndani. Risasi iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu. Ngozi ya nje inapoganda tu, kalibu hupinduliwa na kile ambacho bado ni majimaji humwagwa. Linalobaki ni gamba la askari mwenye urefu wa milimita 54, jepesi na la bei nafuu, tayari kupakwa rangi kwa mkono. Britains walitengeneza vikosi vya dola nzima, na King's African Rifles, KEYA wa babu zetu, wamo. Uzalishaji wa askari wa risasi ulikoma mwaka 1966 kwa sababu ya sumu ya madini hayo, na tangu hapo kila sanduku la zamani lenye rangi yake ya asili limekuwa mali ya kuwindwa na wakusanyaji.

Huku kwetu vita vya mchezo vilichezwa na watu wenyewe. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea bara, ikiwa na makundi yake ya Marini na Arinoti, wafalme na makanali wake, bunduki za mti na gwaride la kweli. Askari waliorudi kutoka vitani waliipeleka mbali zaidi. Kando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga: vibuyu vya kupulizwa mahali pa tarumbeta, ngoma kubwa, mistari iliyonyooka, na kapteni anayekagua mavazi ya vijana wake. Kwa maoni yangu hii ni historia moja na ile ya sakafu ya Wells. Vita ni vilevile. Kilichotofautiana ni nani alikuwa na pesa za kununua sanamu na nani alitumia mwili wake.

Ila michezo yote miwili ilimsahau mtu mmoja: mpagazi. Katika kanuni kuu za Wells hakuna njaa wala chakula. Katika Ubena hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 25 na kuhitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akila kutoka kwenye mzigo wake, kwenda na kurudi, majuma mawili ya njia yanatosha kuumaliza mzigo wote kabla askari aliye mbele hajaonja. Ndiyo maana majeshi yote mawili yaligeukia maghala na mazizi ya wenyeji, na ndiyo maana wapagazi, tengatenga kama walivyoitwa upande wa Nyasaland, walikufa kwa maelfu mengi kuliko askari.

Sasa wako wachezaji wa Ulaya na Marekani wanaorudia vita vya Afrika Mashariki kwa sanamu za milimita 28, na askari wenye fezi wa kampuni ya Foundry wanajulikana sana kwao. Kazi ya kugeuza sanamu wanaijua tangu enzi za Britains: kichwa kinakatwa kwa msumeno mwembamba, kingine kinapachikwa kwa kijiti cha kiberiti, bunduki inasuguliwa kwa tupa, rangi mpya inapakwa. Mpagazi anapatikana kwa njia hiyohiyo: mpunguzie silaha, mwinue mkono, mfinyangie gunia kichwani.

Wangapi? Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alilipitisha tena jeshi la Wajerumani Njombe, akielekea Rhodesia ya Kaskazini. Alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100 na wapagazi zaidi ya 1,500, mbali na wanawake waliofuatana nao. Kwa kipimo cha sanamu moja kwa watu 100, safari hiyo juu ya meza inadai Wazungu wawili, askari 11 au 12 na wapagazi wasiopungua 15, na mizigo yao ipakwe rangi kwanza. Wahle apewe sanamu yake peke yake, maana anaondolewa mezani Njombe: aliugua, akaachwa hapo, Waingereza wakamkuta.